Neno la Kirongozi: Jinsi Theluji ya Kilimanjaro Ilivyokanushwa Ulaya

Kila mtoto wa shule katika nchi zetu ajua kuuchora mlima Kilimanjaro. Huvuta mstari upandao na kushuka, akautia rangi upande wa chini, na juu akaacha karatasi kama ilivyo. Na kule kuacha ndiko theluji yenyewe. Jambo hili limekuwa jepesi hata hapana asimamaye kulifikiri. Lakini palikuwa na miaka kumi na zaidi ambayo mabingwa wa London walibishana kwa maneno makali kama weupe ule uko au hauko, na mtu aliyeuona kwa macho yake akahesabiwa kuwa ameota mchana. Tena katika mabishano yale neno moja la watu wa Pwani lilikuwa kama shahidi aliyeletwa barazani, akaulizwa asiyoyajua, akafukuzwa kabla hajapewa nafasi ya kuyasema ayajuayo. Neno lenyewe ni baridi. Habari zake zamfaa kila mtu ambaye kazi yake ni kukusanya maneno ya watu na kuyaeleza.

Bwana Johannes Rebmann alizaliwa mwaka wa 1820 katika mji wa Gerlingen, nchi ya Württemberg, Ujerumani. Alitumwa na chama cha CMS cha Uingereza, akafika Mombasa mwezi wa Juni 1846, ili awe mwenzi wa Bwana Johann Ludwig Krapf, aliyetangulia tangu 1844, na ambaye katika mwaka huo wa kwanza alikuwa amemzika mkewe pamoja na mtoto mchanga. Mwezi wa Agosti 1846 wote wawili wakaanza makazi yao Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Huko ndiko walikoanza kuuliza habari za bara.

Siku zile habari za bara zilikuwa mikononi mwa watu wa misafara: Waswahili wa Mvita, Wakamba, na Wamijikenda, ambao wakati ule waliitwa Wanyika. Hao walikwenda kutafuta pembe za ndovu, wakajua njia, na visima, na majina ya wafalme, na kila mfalme ataka hongo gani. Kwa Wazungu, ramani ya bara hili ilikuwa karatasi tupu. Ptolemy wa Iskanderia, katika karne ya 2, alikuwa ameandika juu ya Milima ya Mwezi ambayo theluji yake huyajaza maziwa ya Nili. Na Mhispania mmoja, Fernández de Enciso, katika kitabu chake cha mwaka wa 1519, alitaja mlima mrefu sana ulio magharibi ya Mombasa. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyefika.

Basi wale mabwana walipokwenda kwa liwali wa Mombasa kumwomba ruhusa ya safari, liwali aliwapa ruhusa, ila akawaonya wasithubutu kuupanda mlima wa Kilimanjaro, kwani umejaa majini. Waliokwisha kuupanda, alisema, wameuawa na mashetani. Mikono yao na miguu yao ilikakamaa. Baruti yao ilikataa kushika moto. Na misiba mingine ya namna namna ikawapata. Bwana Krapf aliposikia hayo alikuwa hajapata habari yo yote ya theluji, akatafuta sababu nyingine ya ile baruti.

Namwomba msomaji asiyapite maneno ya liwali haraka. Tukiyavua vazi la majini, yaliyobaki ni nini? Yamebaki mambo matatu: mtu hufa huko juu pasipo kuonekana aliyemwua, vidole vya mikono na miguu hukakamaa, na baruti hulowa, haiwaki. Mambo hayo ndiyo yale yale ambayo mtu ye yote aliyepanda milima mirefu angeyasimulia. Liwali hakuwa amepanda, wala pengine hakumjua aliyepanda. Lakini habari ilikuwa imeshuka kutoka Uchagga, ikavuka nyika ya Taita, ikapokewa na mtu baada ya mtu, hata ikaingia katika baraza ya Mombasa ikiwa bado nzima. Ni sababu tu iliyobadilika njiani.

Tarehe 27 Aprili 1848 Bwana Rebmann aliondoka Rabai kwenda Uchagga. Hakuchukua jeshi, alikuwa na watu wachache tu, na kiongozi wa msafara, au kirongozi kama walivyozoea kusema watu wa safari, alikuwa Mswahili aitwaye Bwana Kheri. Wakapita Taita. Asubuhi ya tarehe 11 Mei, yapata saa nne, milima ya Uchagga ikajidhihirisha wazi, na juu ya mmoja wao Rebmann akaona kama wingu jeupe lenye kung'aa. Akamwuliza kirongozi wake, weupe ule ni nini? Kirongozi akajibu kwa neno moja, baridi. Rebmann aliyekulia katika nchi ya theluji akatambua papo hapo kwamba kile akionacho hakiwezi kuwa kitu kingine. Muda kidogo baadaye, walipopumzika chini ya mti, akafungua Biblia yake akasoma Zaburi ya 111, ambayo yasifu matendo makuu ya Mungu.

Katika daftari yake aliandika neno lile kama sikio la Mjerumani lilivyolipokea, yaani beredi. Twamshukuru kwa kuliandika. Angaliweza kuandika tu kwamba mwenyeji hakujua jina la kitu kile, nasi tungalipotewa na jambo kubwa kuliko yote katika habari hii.

Kwani tulifikiri neno lenyewe. Watu wengi wameisoma habari hii wakacheka kidogo, wakasema: maskini kirongozi, hakuwa na neno la theluji, akasema awezavyo. Ni kweli kwamba Kiswahili hakikuzaa neno la kitu hiki. Theluji ni neno la Kiarabu, thalj, lililokuja kwa bahari na kwa vitabu. Barafu asili yake ni barf ya Waajemi, ambayo kwao ni theluji hasa, lakini Wahindi walilitumia kwa maji yaliyoganda, na hivyo ndivyo lilivyotufikia sisi. Hata baridi ni la Kiarabu, ijapokuwa limekaa nasi muda mrefu hata limesahau kwao. Lakini desturi ya Kiswahili ni kukitaja kitu kwa nguvu zake au kwa kazi yake, na msikiaji huelewa. Mtu asemapo, "Leo jua limenichoma," hasemi habari ya nyota iliyo mbinguni, bali ya joto lake. Wazee waliohesabu umri kwa mvua walikuwa wakihesabu miaka. Na baridi yenyewe ni hali ya hewa, tena ni ugonjwa: baridi ya bisi imewakalisha wengi kitandani ambao hawakupata kuona barafu maisha yao.

Lakini kuna jambo lililo kubwa zaidi. Weupe huonwa na macho, ubaridi hauonwi. Mtu aliye Taita akitazama kilele kile kwa mbali aweza kudhani ni wingu, au chokaa, au chumvi, au mawe meupe, au fedha. Vyote hivi ni vyeupe. Hapana jicho liwezalo kumwambia kwamba kitu kile ni cha baridi. Habari ya ubaridi haipatikani ila kwa mkono na mguu. Kwa hiyo kirongozi alipojibu baridi, alikuwa akitoa ushuhuda uliopita ule wa macho ya Rebmann: alikuwa akisema kwamba mtu fulani, zamani fulani, alikwenda akakigusa, akarudi, akasema. Rebmann alikuwa na macho tu. Kirongozi alikuwa na mkono wa mtu mwingine.

Na mtu huyo si wa kubuni. Bwana Rebmann katika safari ya kwanza aliishia Kilema, kwa mfalme Masaki. Mwezi wa Novemba 1848 akarudi tena Uchagga, akaendelea mpaka Machame kwa mfalme Mamkinga, mahali palipo karibu zaidi na kilele kikubwa. Hata usiku, kwa mbalamwezi, aliweza kuuona weupe wake. Huko ndiko alikopata kuuliza wenyewe. Akaambiwa kwamba Rungua, baba yake Mamkinga, alipokuwa mfalme, alituma watu wengi wapande kuchunguza kile kitu cheupe, akitumaini kuwa labda ni fedha. Akarudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono yake na miguu yake imeharibiwa na baridi, akamsimulia mfalme jinsi wenzake walivyopotea, wengine kwa baridi yenyewe, wengine kwa hofu, kwani walidhani wamepigwa na pepo, wakakimbia ovyo, wakazidi kuangamia. Akaambiwa pia kwamba kile kitu kama fedha, kikitiwa chomboni na kushushwa chini, kimeonekana kuwa maji tu.

Tazama basi. Machame walijua kwamba kitu kile ni cheupe, ni cha baridi, kinaharibu viungo vya mwili, na kikishushwa huwa maji. Sijui mwalimu gani wa shule angedai zaidi ya hayo kwa mwanafunzi wake. Tena walikuwa na jina: walikiita Kibo. Rebmann alielewa kwamba maana yake ni theluji yenyewe. Wengine waliokaa sana Uchagga husema asili yake ni kitu chenye madoadoa, kwa ajili ya mawe meusi yatokezayo katikati ya weupe. Vyo vyote iwavyo, jina lilikuwako, na habari zake zilikuwako, na mtu aliyelipa kwa vidole vyake alikuwa akitajwa kwa jina.

Habari ya Rebmann ilipigwa chapa London mwaka wa 1849, katika gazeti la CMS liitwalo Church Missionary Intelligencer, lililokuwa ndiyo kwanza linaanza. Hapo ndipo palipozuka vita vya kalamu.

Mkuu wa wapinzani alikuwa William Desborough Cooley, Mwairishi aliyekaa London. Asidhaniwe kuwa mjinga. Alikuwa mtu mwenye elimu nyingi, aliyesoma vitabu vya Waarabu na vya Wareno, na aliyewahi kuulizana na watu wa Pwani waliofika Uingereza. Mwaka wa 1845 alikuwa amekwisha kuchapisha maandiko juu ya bara hili, na mlima wetu aliutaja humo kwa jina la Kirimanjara. Ila Afrika hakukanyaga hata siku moja. Mwaka wa 1852 akatoa kitabu, Inner Africa Laid Open, akasema humo kwamba theluji ile imetoka katika mawazo ya Rebmann, haikutoka katika macho yake. Wengine wakaongeza kwamba macho ya Rebmann yalikuwa dhaifu. Hata Sir Roderick Murchison, mkuu wa Chama cha Kifalme cha Jiografia, alikuwa upande wa wenye shaka.

Hoja zao zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ni ya hali ya nchi: katika Afrika yenye joto, karibu na Ikweta, theluji itakaaje mwaka mzima? Hoja hii yashangaza kuliko zote, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kujulikana kwa miaka mia. Katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, mabingwa wa Ufaransa walikuwa wamefanya kazi juu ya theluji iliyo karibu na Ikweta katika miaka ya 1730 na 1740; na Alexander von Humboldt alikuwa ameupanda Chimborazo mwaka wa 1802, karibu na kilele chake, akaandika habari zake zikasomwa Ulaya nzima. Chimborazo uko kusini ya Ikweta kwa kadiri ndogo kuliko Kilimanjaro, na kilele chake ni barafu tupu. Sababu yajulikana: hewa hupoa kadiri mtu apandavyo, yapata nyuzi 6 za sentigredi kwa kila meta 1,000, na jua la Ikweta haliwezi kuibadili kanuni hiyo. Lakini waliokubali theluji ya Amerika bila taabu walishindwa kuikubali ya Afrika. Nadhani hawakuwa wakifikiri habari za hewa. Walikuwa wakifikiri habari za Afrika, nao walikuwa na picha moja tu ya Afrika vichwani mwao.

Hoja ya pili yatugusa sisi zaidi. Walisema, wenyeji hawana neno la theluji. Kirongozi alisema baridi tu. Hayo mengine Rebmann ameyatia mwenyewe kwa kuuliza maswali yaliyokwisha kubeba majibu. Hapa pana onyo la kweli, nami sitaki kulificha. Ye yote aliyekusanya habari kwa wazee ajua hatari hiyo: ukimwuliza mzee, "Je, si kweli kwamba...?" naye kwa adabu atakujibu, "Ndivyo, bwana," ukaenda zako ukaandika adabu yake kana kwamba ni elimu. Wale wamisionari wenyewe walipata kukosea upande huu. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya habari za misafara juu ya maji makubwa ya bara, wakaona zote zasema bahari, wakaziunganisha, na katika ramani yao iliyochapishwa mwaka wa 1856 wakachora ziwa moja kubwa mno lenye umbo kama konokono asiye na kaa. Kumbe yalikuwa maziwa matatu: Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Watu wa misafara hawakusema uongo. Kila mmoja alisema maji aliyoyafikia yeye. Kosa lilikuwa la waunganishaji. Ramani ile ndiyo iliyowachochea Burton na Speke waje mwaka wa 1857, hivyo hata kosa lilizaa faida, ila lilikuwa kosa.

Katika habari ya theluji, lakini, mambo yalikuwa kinyume. Rebmann hakumpa kirongozi neno. Kirongozi ndiye aliyempa yeye. Na neno alilopewa silo ambalo Mzungu angelitaka. Kama angalitaka kulibuni, angalibuni lililo zuri zaidi. Cooley aliona kasoro ya neno, hakuona nguvu yake. Alidhani kwamba asiye na jina la kitu hana habari ya kitu.

Wakati ule ule ushuhuda wa pili ulikuwa umekwisha kuja, nao ukapokewa vivyo hivyo. Mwezi wa Novemba 1849 Bwana Krapf, akienda Ukambani, aliuona Kilimanjaro kwa macho yake mwenyewe, akakubaliana na mwenzake. Akafika Kitui kwa Kivoi, mzee mkuu wa Wakamba na mfanya biashara mashuhuri, naye akamwambia kuna mlima mwingine mweupe upande wa kaskazini. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yakaondoka kidogo, Krapf akauona Kenya, wenye pembe mbili kama nguzo. Huko Kitui alizungumza na mtu wa Embu aitwaye Rumu wa Kikandi, ambaye alisema amefika mara nyingi penye mlima ule, lakini hakupanda mbali, kwa ajili ya baridi kali na kwa ajili ya kitu cheupe kiporomokacho kwa kishindo kikubwa. Huyu naye hakutaja theluji. Ila asomaye maneno yake aliye na habari za milima ya barafu atatambua mara moja kishindo kile ni cha nini. Mlima Kenya ulitiliwa shaka muda mrefu kuliko Kilimanjaro, mpaka Joseph Thomson alipoupita kwa karibu mwaka wa 1883.

Kilimanjaro ulipata watetezi mapema zaidi. Mwaka wa 1861 Baron Karl Klaus von der Decken, Mjerumani, akifuatana na Mwingereza Richard Thornton, mjuzi wa mawe, aliuzunguka sehemu na kuupima kutoka pande nyingi. Mwaka wa 1862 akarudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda hata kupita meta 4,000. Theluji iko, walisema, na vipimo vyao wakavileta. Mwaka wa 1864 Chama kile kile cha Jiografia cha London kikampa Decken nishani ya dhahabu kwa kazi ile. Cooley hakuridhika hata kwa hayo. Mwezi wa Agosti 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti aliyekaa Ribe, alipanda kutoka Moshi kwa idhini ya mfalme Mandara. Waliomsindikiza wakabaki nyuma mmoja baada ya mmoja kwa baridi. Mtu wake aitwaye Tofiki akashikamana naye zaidi ya wengine, na New akaigusa theluji kwa mikono yake. Toka siku ya Sabaya mpaka siku hiyo, mkono ulikuwa umerudi mahali pake.

Kilele chenyewe, meta 5,895, kilifikiwa na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889. Hayo yamo katika kila kitabu. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba katika kituo chao cha juu, kwenye urefu wa meta 4,000 na zaidi, alikaa mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani, akilinda hema na kupika, muda wa majuma mawili hivi, mahali ambapo maji huganda kila usiku. Mtu wa Pwani, tena! Angaliulizwa kule juu kwamba weupe ule ni nini, sijui kama angalijibu neno jingine kuliko lile la Bwana Kheri.

Sasa niseme kidogo juu ya jina la mlima, kwa kuwa wasomaji wetu wengi huuliza. Krapf aliandika kwamba Waswahili hulieleza Kilimanjaro kuwa ni mlima wa ukuu, tena laweza kuwa mlima wa misafara, kwa kuwa jaro au charo ni safari, na mlima huonwa kutoka mbali na wapita njia wote. Wakamba, alisema, huuita mlima wa weupe. Na Wamasai husema Oldoinyo Oibor, yaani hilo hilo, mlima mweupe. Wengine wametaja jini aitwaye Njaro aletaye baridi. Wako Wachagga wasemao kwamba jina limetoka katika maneno yao yenye maana ya kilichoishinda safari, au kilichomshinda ndege. Mimi sioni kwamba swali limekwisha. Jambo moja hunisumbua kila nilifikiripo: kilima ni udogo wa mlima, na ni ajabu kwamba mlima mkubwa kuliko yote ya Afrika uwe na jina la kuudogosha. Hilo lanifanya nisikilize kwa makini wasemao kwamba mwanzo wa jina si wa Kiswahili, bali watu wa Pwani walilisikia neno la wenyeji wakalipa sura ya neno lao. Wachagga wenyewe hawakuwa na jina moja la mlima mzima. Walikuwa na Kibo, na Mawenzi. Tena husimulia kwamba Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kuomba kaa kwa Kibo, akarudia tena na tena hata Kibo akakasirika, akampiga kwa mchi, na ndiyo sababu Mawenzi ana meno meno hata leo.

Barafu ya Kibo imepungua sana tangu siku zile. Mwaka wa 1912 ilipopimwa ilikuwa yapata kilomita 12 za mraba. Mwaka wa 2000 haikufika 3. Vipande vilivyosalia vimetengana, na mawe meusi yametokeza mahali pengi palipokuwa peupe, hata ile maana ya madoadoa imezidi kuonekana.

Bwana Rebmann hakurudi Uchagga baada ya mwaka wa 1849, kwa maana katika safari ya tatu Mamkinga alimnyang'anya mali zake zote, na njia ya kwenda mbele ikafungwa. Alikaa Rabai miaka mingine ishirini na sita pasipo kurudi kwao Ujerumani. Krapf aliondoka, Erhardt aliondoka, mkewe Rebmann akafa mwaka wa 1866. Yeye akaendelea kuandika maneno. Kwa miaka mingi alikaa na Salimini, mtumwa aliyetoka nchi za Nyasa, akimwuliza neno baada ya neno la lugha ya kwao, na kamusi ile ikachapishwa mwaka wa 1877, Rebmann akiwa amekwisha kufa. Macho yale yaliyobishaniwa London yakapofuka kabisa. Mwaka wa 1875 akapanda meli kurudi Ulaya, akafariki Korntal mwezi wa Oktoba 1876. Katika safari hiyo ya mwisho aliyemshika mkono na kumwonyesha njia alikuwa mtu wa Rabai, jina lake Isaac Nyondo.